Kangaja Anakula Lakini Anakonda: Vimelea vya Ndani vya Samaki wa Maji Chumvi

Kangaja wangu wa kwanza, samaki wa mwambani, alikuwa wa samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Akiniona tu naingia sebuleni alikimbilia kioo. Nikibana kipande cha mwani mkavu kwenye ukuta wa tangi, alikirarua kama aliyefunga siku tatu. Na bado alikonda. Ukimtazama ubavuni hukuona kasoro. Ilibidi usubiri ageuke akujie uso kwa uso, ndipo uone nyama ya nyuma ya kichwa imebonyea huku na huku, mgongo umekuwa mwembamba kama ukingo wa kisu, na tumbo limeingia ndani.

Ninaishi Kisumu. Yeyote aliyesoma shule karibu na ziwa anakijua kile kidonge kikubwa cha kichocho, prazikwanteli, tulichopangiwa foleni kukimeza. Nikajiambia: samaki ana minyoo, na hii ni dawa ya minyoo. Nikaitia majini, nikarudia baada ya siku kadhaa, na katika wiki ya tatu nikamkuta kangaja amelala ubavu chini ya mwamba. Dawa ilikuwa halisi na kipimo kilikuwa sawa. Kilichokosewa ni mgonjwa wa dawa ile. Tumboni mwa samaki yule, naamini leo, hamkuwa na mnyoo hata mmoja.

Chanzo cha kosa ni neno lenyewe. Tunaposema "minyoo" tunakusanya viumbe ambao hawana undugu wowote, na dawa inayomuua mmoja humpita mwingine bila kumgusa. Kwa samaki wa baharini makundi yanayotusumbua ndani ya mwili ni haya: vijidudu vya chembe moja vinavyoogelea utumboni kwa mijeledi, kama Spironucleus na jamaa zake; minyoo mviringo, wembamba kama uzi, kama Capillaria; na minyoo bapa, yaani tegu pamoja na wale wadogo wenye umbo la jani, ambao ukoo wao ndio uliotoa mnyoo wa kichocho. Kundi la kwanza si minyoo kabisa. Ni viumbe wadogo kiasi kwamba ukiwapanga mia moja mstari mmoja hupati zaidi ya milimita moja hivi. Lakini ndio wanaoua kangaja na vitatange wengi katika wiki za kwanza baada ya kufika, na ndio ambao prazikwanteli haiwafanyi lolote.

Kabla ya dawa, kuna jambo moja kuhusu samaki wa maji chumvi ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa tunalikosea kwa sababu ya mazoea. Wafugaji wanaotuzunguka ni wa ngege na kambare, na ushauri tunaoupata ni wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Samaki wa maji baridi hanywi maji kwa kawaida. Mwili wake una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia yenyewe kupitia matamvua na kazi yake ni kuyatoa kwa mkojo mwingi. Wa baharini yuko kinyume. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na damu yake ina kama theluthi ya hiyo, kwa hiyo maji humtoka mchana na usiku. Ili asikauke akiwa ndani ya maji, hunywa. Hunywa bahari ile ile, akatoa chumvi kupitia matamvua na figo, na kukojoa kidogo sana.

Hili lina matokeo mawili. La kwanza: dawa uliyoitia majini humfika samaki wa baharini utumboni kwa kiasi fulani, kwa kuwa anainywa, tofauti na ngege. La pili: kutia chumvi, ambako mfugaji wa maji baridi hukimbilia kwa kila ugonjwa, hakuna maana hapa, kwani samaki tayari anaishi kwenye chumvi. Niliwahi kuambiwa na muuzaji wa samaki, kwa nia njema kabisa, "ongeza chumvi kidogo, wadudu watatoka." Wakatoke wapi? Hata kinyume chake, kumchovya samaki wa baharini katika maji baridi kwa dakika chache, husaidia kwa vimelea vya ngozi na matamvua tu. Kilicho utumboni hakijui kwamba nje kumebadilika.

Sasa, samaki anayetoka mwambani ana vimelea. Hilo lisikushtue. Samaki wengi mno wa maji chumvi wanaouzwa kwa mapambo wamevuliwa baharini, hawakuzalishwa kwenye matangi, na samaki wa porini mwenye minyoo michache ni kama ng'ombe wa malisho mwenye minyoo michache: anaishi. Swali la maana ni je, kimelea hiki kinaweza kuzaana ndani ya tangi langu? Na jibu unaweza kulisomea ufukweni Dunga, hapa Kisumu.

Ukikaa na akina mama wanaoanika omena, mara moja moja utaona omena aliyevimba tumbo, na akipasuliwa hutoka utepe mweupe, bapa, mpana kuliko unavyotarajia ndani ya samaki mdogo hivyo. Huyo ni tegu aitwaye Ligula. Hakai utumboni mwa omena, amekaa nje ya utumbo, katika uwazi wa tumbo, akisubiri. Anachosubiri ni ndege. Mayai yake huanguliwa ziwani, huliwa na viduduvidudu vya majini, viduduvidudu huliwa na omena, na omena akiliwa na mnandi au mwari ndipo tegu anapokomaa na kutaga mayai yanayorudi majini kwa kinyesi cha ndege. Ukimchukua omena huyo ukamweka kwenye tangi lenye wenzake mia, hataambukiza hata mmoja. Hakuna ndege sebuleni.

Kichocho chenyewe tulifundishwa hivyo shuleni: bila konokono, mnyoo hana njia. Basi minyoo bapa wengi wa ndani wanaokuja na samaki wa mwambani wako hivyo hivyo. Wanahitaji konokono fulani, au kamba fulani, au papa fulani, na tangi halina. Watazeeka na kufa na kizazi chao kitaishia hapo. Lakini vijidudu vya mijeledi havihitaji mtu wa kati. Vinagawanyika ndani ya utumbo, vinatoka na kinyesi, na samaki mwingine anayedonoa kinyesi hicho, au anayedonoa mwani uliokigusa, amevipata. Capillaria vilevile anaweza kupita kutoka samaki hadi samaki kwa mayai yake. Baharini kinyesi huzama au huchukuliwa na mkondo. Kwenye lita 200 hakina pa kwenda. Ndiyo maana samaki aliyekuwa mzima mwambani huanza kuoza kwa ndani mwezi mmoja baada ya kuingia kwako: idadi ya vimelea imepanda, na hofu ya safari imeshusha kinga yake.

Na safari yenyewe ndiyo inayovuruga utambuzi. Dalili ambayo kila mfugaji huitaja ni kinyesi cheupe, kirefu, chenye utelezi, kinachoning'inia kama uzi wa kamasi. Ni dalili ya kweli, lakini haimaanishi kila mara kile unachodhani. Samaki anayesafirishwa huachwa bila chakula siku moja au zaidi ili asichafue maji ya mfuko. Kutoka Pwani hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, bado hujahesabu siku alizokaa kwa mvuvi na kwa muuzaji. Utumbo mtupu hutoa ute mtupu. Kwa hiyo uzi mweupe siku ya pili ya kuwasili ni njaa mpaka uthibitishwe vinginevyo. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni uzi mweupe kutoka kwa samaki anayekula vizuri kwa wiki nzima, hasa anayekula mwani, kwani haja yake ingepaswa kuwa ya kijani kibichi iliyokolea. Ukiongeza na mgongo uliobonyea, sasa una kesi.

Kangaja wa pili alipoanza mambo hayo hayo, sikununua dawa. Nilikaa mbele ya tangi na bomba la plastiki la kunyonyea, lile la watoto la kupimia dawa, nikamsubiri. Ilichukua saa moja na nusu. Uzi ulipokatika nikaufyonza kabla haujagusa mchanga, nikautia kwenye kichupa pamoja na maji ya tangi, nikapanda boda hadi kwa rafiki yangu fundi wa maabara. Haraka ile ilikuwa na sababu: vijidudu hivi vikipoa au vikifa huacha kucheza, na visipocheza huwezi kuvitofautisha na uchafu. Akachukua tone, akaliweka kati ya vioo viwili, akaanza na ukuzaji mdogo akitafuta mayai. "Mayai sioni, omera," akasema. Kisha akazungusha hadi ukuzaji wa mara 400, akanyamaza kidogo, akasogea nitazame. Katikati ya ute palikuwa na vitu vidogo vya mviringo mrefu vikikimbia mistari iliyonyooka, vinageuka ghafla, vinakimbia tena, makumi kwa makumi. "Hawa nawaona kila siku jamaa zao kwa watu," akaniambia. "Hapa unataka Flagyl, si prazi."

Kama angeona mayai yenye umbo la limau, yaliyo na kizibo kila ncha, ingekuwa Capillaria na dawa nyingine kabisa. Hadubini ya maabara yoyote inayopima choo cha watu inatosha kwa kazi hii. Ninatamani kila mfugaji wa huku afanye hatua hii moja kabla ya zote, kwa sababu kuiruka ndiko kulikonipotezea samaki, na haigharimu hata nusu ya bei ya samaki mwenyewe.

Kwa nini dawa moja haitoshi, nadhani ni vizuri kueleza, maana mtu akielewa hawezi tena kuchanganya. Metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, ikiingia peke yake haina makali. Inahitaji kiumbe anayeishi bila oksijeni aibadilishe ndani ya mwili wake, na ikishabadilishwa ndipo inapovunja vinasaba vyake. Vijidudu vya utumboni huishi hivyo, kwa hiyo hujiua vyenyewe kwa kuimeza. Mnyoo mwenye misuli na utumbo haibadilishi kwa namna hiyo, basi inampita. Prazikwanteli hufungua njia ya kalsiamu kwenye mwili wa mnyoo bapa: misuli inakaza yote kwa pamoja, haiachii, ngozi inapasuka, anajiachilia kutoka ukutani mwa utumbo. Mnyoo mviringo hana mlango huo. Yeye anauliwa na fenbendazoli, ambayo hushika nguzo ndogo ndogo zinazoshikilia chembe zake za utumbo hadi anashindwa kufyonza chakula na kufa kwa njaa polepole, au na levamisoli, inayompoozesha atoke akiwa bado mzima. Ni kufuli tatu na funguo tatu.

Swali la pili ni jinsi ya kuifikisha dawa tumboni. Kwa samaki anayekula, chakula ndicho chombo bora kuliko maji, hata kwa huyu wa baharini anayekunywa. Kangaja wa pili alikuwa anakula, kwa hiyo daktari wa mifugo aliyenisaidia alinipangia hivi. Kipimo kinachotumika sana kwa samaki wa mapambo ni miligramu 50 za metronidazoli kwa kila kilo ya uzito wa samaki, mara moja kwa siku, siku 5 mfululizo. Njia nyepesi ya kuupata ni kutengeneza chakula chenye miligramu 10 za dawa katika kila gramu moja. Gramu 100 za chakula zinahitaji basi miligramu 1,000, ambavyo ni vidonge vitano vya miligramu 200.

Nilivisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka vikawa unga laini usio na chembe. Nikakatakata kamba na ngisi, nikaongeza mwani uliolowekwa, nikapima gramu 100 kwenye mizani ndogo ya jikoni. Nikayeyusha jelatini ya unga isiyo na sukari wala ladha katika maji ya moto kidogo tu, nikaiacha ipoe hadi kidole kivumilie, ndipo nikachanganya dawa na chakula. Jelatini ndiyo siri ya kazi yote. Bila hiyo unga huoshwa na maji ndani ya sekunde chache, na samaki anakula kamba aliyeoshwa. Nikatandaza kwenye sahani, friji, kisha nikakata vipande.

Ukubwa wa kipande watu huukosea mno. Kangaja wangu nilimkadiria gramu 50. Kwa miligramu 50 kwa kilo, anahitaji miligramu 2.5 kwa siku, nazo zimo katika robo gramu ya chakula hicho. Robo gramu ni kipande kisichozidi punje ya njegere. Mtu anayemjaza samaki wake chakula cha dawa asubuhi na jioni kwa wiki mbili anampa mara nyingi zaidi ya anachohitaji, na dawa hii si maji. Nilimpa kipande chake asubuhi akiwa na njaa, peke yake kwenye tangi la karantini ili nimwone amekimeza, halafu mchana mwani wa kawaida. Metronidazoli ni chungu sana. Siku ya kwanza alikitema mara mbili. Siku ya pili nilikipaka maji ya kamba, akakubali.

Siku ya nne jioni, haja yake ilitoka fupi, nzito, ya kijani. Nilimwita mke wangu aje aione.

Kama samaki hali kabisa, hapo ndipo metronidazoli huingia majini: takriban miligramu 250 kwa lita 38, kila siku kwa siku 3 hadi 5, ukibadilisha sehemu ya maji kabla ya kila dozi. Ni njia dhaifu kuliko chakula, lakini mara nyingi inatosha kumrudishia hamu, na akianza kula unahamia kwenye jelatini.

Kwa minyoo mviringo utaratibu wa chakula ni ule ule, dawa ndiyo inabadilika: fenbendazoli miligramu 25 kwa kilo ya samaki kwa siku 3, ambazo ni miligramu 2.5 katika kila gramu ya chakula. Hapa utakwenda agroveti, na hapa ndipo ninapoomba usome chupa kwa makini. Dawa ya maji yenye asilimia 10 ina miligramu 100 kwa kila mililita, kwa hiyo gramu 100 za chakula zinataka mililita 2.5. Yenye asilimia 2.5 ina miligramu 25, na utahitaji mililita 10. Chupa zinafanana, zimepangwa rafu moja, na tofauti ni mara nne. Rudia baada ya wiki 2 au 3, kwa kuwa mayai hustahimili dozi ya kwanza na huanguliwa baadaye. Ukiruka marudio hayo umefanya nusu ya kazi. Levamisoli inafaa pia, ila ile ya ng'ombe na mbuzi mara nyingi imechanganywa na dawa ya minyoo ya ini chupa moja, na mchanganyiko huo usimpe samaki. Mwambie daktari wa dukani unataka dawa iliyo peke yake, na ni ya samaki wa mapambo. Akikupa ivamektini kwa kuwa ndiyo anayoiuza zaidi, mrudishie kwa heshima. Kwa samaki pengo kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni dogo mno, na kwa kamba na kaa ni sumu kali.

Prazikwanteli, yule rafiki niliyemtumia vibaya, ina mahali pake. Samaki aliyevimba tumbo, anayetoa vipande bapa vyeupe kama punje za mchele zilizobanwa, au anayejikuna na kuhema kwa sababu ya minyoo bapa wa matamvua, huyo ni wake. Kipimo cha majini ni miligramu 2 hivi kwa kila lita. Kwa tangi la karantini la lita 100 ni miligramu 200, theluthi moja ya kidonge cha miligramu 600. Husagwa na kulowekwa muda mrefu kwani huyeyuka kwa uvivu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bakteria wa tangi lililokomaa hujifunza kuila. Dozi ya kwanza inaweza kudumu siku kadhaa na ya pili ikatoweka mapema zaidi, ukabaki unaamini samaki yuko kwenye dawa ilhali yuko kwenye maji matupu. Ndiyo sababu natumia tangi tupu lenye chujio dogo la sponji, na ninabadilisha maji mengi kabla ya kurudia.

Hapa ndipo Kisumu yenyewe inapoingia kwenye hesabu. Maelekezo mengi ya dawa za matangi yameandikwa na watu walio usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,131 hivi juu yake. Hewa yetu ni nyepesi, na maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko maji ya Mombasa yenye joto na chumvi ile ile. Mwenzetu wa Nakuru, aliye kwenye mita 1,850 hivi, anapungukiwa karibu asilimia 20. Maji chumvi yenyewe hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na joto la huku la mchana hupunguza zaidi. Kisha unaongeza dawa, bakteria wanaishangilia na kupumua kwa wingi, na kile chombo cha kutoa povu umekizima kwa sababu dawa hukifurisha hadi kimwage maji sakafuni. Samaki anaweza kufa usiku kwa kukosa pumzi, na asubuhi lawama zikaishia kwa dawa. Weka mawe mawili ya hewa badala ya moja, moja kati yao kwenye pampu ya betri. Stima ikipotea saa nane za usiku, wewe umelala.

Mkaa wa kuchujia uondoe kabla ya kutia dawa yoyote, maana huinyonya, na taa ya kuua vijidudu izimwe. Usitibu ndani ya tangi kuu lenye matumbawe: fenbendazoli huua baadhi ya wanyama laini wa mwambani, na prazikwanteli huua minyoo ya mirija, wale wenye vishada kama manyoya, ambao ni wema. Shaba, ambayo wengi huitumia kwa madoadoa meupe ya ngozi, haigusi chochote cha utumboni na hukata hamu ya kula, kwa hiyo mimi hutibu tumbo kwanza na kuacha shaba baadaye, isipokuwa ngozi iko hatarini leo hii. Kitunguu saumu kinaweza kumfanya samaki avutiwe na chakula. Sijawahi kuona kikitoa mnyoo, na ninasikitika ninapokutana na mtu aliyekitegemea kwa mwezi mzima huku samaki akiisha.

Kuna samaki atakayekonda na hatapona kwa dawa yoyote kati ya hizi. Akipata vidonda visivyofunga, mgongo ukipinda, rangi ikififia polepole kwa miezi, fikiria kifua kikuu cha samaki. Kinasababishwa na bakteria wa ukoo wa kile cha watu, na kinaweza kuingia kwenye mkono wako kupitia mkwaruzo. Vaa glavu, usichanganye ndoo, na ukipata kinundu kisichopona mkononi mwambie daktari wako kwamba unafuga samaki, asipoambiwa hatakifikiria.

Neno kwa ndugu zetu wenye vizimba vya ngege ziwani, kwa kuwa najua mtasoma haya na kutamani kuyajaribu: msitumie metronidazoli kwa samaki wa kuliwa. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku kwa wanyama wa chakula, kwa sababu za afya ya mlaji. Kwa samaki wa sokoni waulizeni maofisa wa uvuvi, au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao wana kituo hapa Kisumu. Vipimo vyangu ni vya samaki wa kutazamwa tu.

Na chakula kibichi cha baharini unachowalisha ni mlango pia. Kamba na ngisi huwa nawaweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kabla ya kuwatumia, muda unaoua minyoo iliyomo nyamani.

Yamebaki maji ya dawa. Mitaro ya mji huu inashuka ziwani, na ziwa lina omena, ngege, konokono na watoto wanaooga. Dozi ikiisha, narudisha mkaa wa kuchujia ndani ya tangi la karantini, naliacha lizunguke kwa siku mbili tatu, kisha maji nayateka kwa ndoo na kuyamwaga chooni, si mtaroni. Mkaa wenyewe naufunga kwenye mfuko na kuutupa na taka, usioshwe wala kutumiwa tena. Kangaja wakati huo huwa amesharudi kwenye tangi kuu. Huwa namtazama kwa mbele kila Jumapili, akija usoni, nione kama ile nyama ya nyuma ya kichwa imejaa.